Mkate Wangu na Harufu ya Kwete

Nimeacha kazi ya tanuru. Mgongo ndio uliokata shauri. Mimi nilikubali tu. Siku niliyovua aproni yangu na kuitundika, vijana wanaooka mikate Arua na Koboko walinijia wakaniomba niwaandikie jambo moja: nini kifanyike ili wateja wa hapa kwetu waunge mkono biashara ndogo za hapa kwetu. Nilicheka kidogo. Mimi sikuwahi kuwafanya wateja chochote. Wao ndio walionifanya mimi. Basi nitaandika walivyofanya, na nyinyi mchukue kinachowafaa.

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa askari, na vita vilipofika kwetu Koboko hatukumwona tena. Mama alituvusha mpaka, akatupeleka upande wa Zaire, si mbali na Ingbokolo, na wakati wa mvua za mwaka uliofuata homa ikamchukua. Kabla hajafa aliniambia neno moja: wadogo zako wasitawanyike. Hakusema wasome, wala wasilale njaa. Alisema walale chini ya paa moja. Nikaitikia ndiyo, kama mtoto anavyomwitikia mama mgonjwa, bila kuuliza hilo paa litatoka wapi.

Lilitoka kwa mwoka mikate. Papa Matayo alikuwa mzee mwembamba mwenye nyusi zilizoungua, na alihitaji mtu wa kukanda kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kukakamaa. Alikuwa na kibanda cha kuwekea kuni ambacho kingeweza kulaza watoto wanne wakijibana. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unajua kupika nini?"

"Ugali wa muhogo, Papa."

"Ugali inataka nguvu. Mukate inataka kungojea. Unajua kungojea?"

"Najua."

"Tutaona. Watoto ya Uganda muko na haraka kama kuku yenye imeona mwewe."

Siku hiyo hakunipa unga hata konzi moja. Aliniweka mbele ya tanuru nitazame. Aliondoa makaa, akafagia sakafu yake kwa majani mabichi, akarusha unga kidogo ndani. Ukawa mweusi mara moja. Akakaa. Akarusha tena, ukawa wa kahawia kama ganda la karanga. "Sasa," akasema, akaanza kuingiza mikate kwa ubao mrefu. Sikuwahi kununua kipimajoto maisha yangu yote. Najua baadhi yenu mnavyo, na mikate yenu inaungua vilevile.

Hamira ya dukani ilikuwa haipatikani. Papa Matayo alitumia chachu, yaani kipande cha unga uliokandwa jana, kikaachwa kichachuke ndani ya chungu, kikalishwa unga na maji kila siku ili kisife. Chachu ile alipewa na mtu aliyemfundisha, naye alipewa na mwingine. Nilipomuuliza ya kwanza kabisa ilitoka wapi, alisema, "Uliza kuku na yai." Hakujua, na hakuona aibu kutojua. Nilikaa naye mpaka tuliporudi nyumbani katikati ya miaka ya themanini. Nilirudi na wadogo zangu Lado, Wani na Keji, na kipande cha chachu ndani ya kibuyu nilichokifunga mgongoni kama mtoto.

Nyumba ya baba pale Koboko ilikuwa na kuta bila paa. Aliyetupa nyasi na miti ya kuezekea ni Baba mdogo Abdalla, mdogo wa baba, aliyelima tumbaku na muhogo Midia. Ukoo wetu ni mchanganyiko kama koo nyingi za Koboko: yeye ni Mwislamu, baba yetu alikuwa Mkristo, na kwenye matanga hakuna aliyewahi kuuliza nani ni nani. Alikuwa mtu wa haki, tena mwenye wasiwasi. Paa lilipokwisha alikaa chini yake akasema, "Poni, wewe ni mutoto ya kaka yangu, lakini mukate si shamba. Mimi nakupa mpaka Idi. Kama mukate yako nalisha hawa watoto, sawa. Kama hapana, Wani nakuja kwa tumbaku yangu, na Keji nakwenda kwa shangazi yake Arua."

Hakusema vibaya. Kijana wa kumi na tano shambani hula, na msichana kwa shangazi husoma. Lakini mama hakuomba wale wala wasome. Nikamwambia, "Mpaka Idi, Baba."

Tanuru nililijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wanajua kuchagua udongo kuliko fundi yeyote. Chini ya sakafu niliweka chumvi ya mawe na chupa zilizovunjika, ili joto likae. La kwanza nililielekeza mdomo kwenye upepo, likapika moshi tu. Lado alilivunja kwa jembe, akisema anaona uchungu, ingawa uso wake ulionekana wa mtu anayefurahi sana. La pili likasimama.

Sasa wateja. Mikate yangu ya kwanza pale Koboko ilikuwa imeinama upande kama mtu anayesikiliza siri. Aliyeinunua ni Mama Aliyo, muuza chai wa stendi ya malori yaendayo Oraba. Angeweza kukaanga mandazi yake mwenyewe akabaki na faida yote. Badala yake alichukua mkate wangu, akawaambia madereva wazi, "Hii imetoka kwa Poni, nyuma ya kisima." Wauzaji wengi huficha wanakonunua. Yeye alinitaja, na mpaka leo sijui tangazo lililo bora kuliko hilo. Fundi mmoja wa cherehani alikuja siku moja akasimama hadi watu wakaondoka, ndipo akaninong'oneza, "Leo umesahau chumvi." Kisha nilimsikia sokoni akinisifu. Ndivyo inavyotakiwa: kosa umwambie mwenyewe, sifa uwaambie wengine. Watu wengi hugeuza.

Wengine waliniletea kuni kavu wakiwa njiani kutoka shambani. Wenye harusi na matanga walijifunza kuagiza mapema, na hilo ni msaada mkubwa kuliko wanavyodhani, maana unga uliokwisha kukandwa hauwezi kurudishwa kwenye gunia. Ndugu wa mbali nao walikuja kuomba mkate wa bure kwa sababu ya damu. Nitasema moja tu: ukitaka ndugu yako afunge duka, kuwa mteja wa bure. Hata baadaye, miaka ya tisini, tulipokuwa tumefungua duka Arua na malori yakaanza kushusha mkate uliofungwa kwa nailoni, waliotushikilia hawakuwa wenye maneno matamu. Walikuwa wale waliokuja kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, wakachukua mkate mmoja na kwenda zao.

Lakini nisikimbilie Arua. Kabla ya Arua kulikuwa na Ramadhani ile.

Ilianguka katikati ya mvua za masika. Kwa mwoka mikate wa Koboko, Ramadhani ni kama mavuno. Nyumba zinataka mkate wa kufuturu, laini, wa kuchovya kwenye uji au mchuzi. Nilikuwa nimejiwekea hesabu zangu kwamba mwezi huo ndio utakaomjibu Baba mdogo. Niliazima hata masufuria ya jirani zangu ya kuumulia unga.

Nyuma ya ukuta wetu aliishi mama mmoja mpika kwete, pombe ya mahindi na ulezi, mtu mwema, na upepo ulipovuma harufu ya kazi yake ilikuja kwetu bila kubisha hodi. Asubuhi moja, mwezi ukiwa bado mchanga, Rajabu muuza nyama alikuja kuagiza mikate ya jioni. Mimi nilikuwa kisimani. Alimkuta Keji ameinama juu ya chungu cha chachu, amefunua jani la mgomba lililokifunika. Povu lilikuwa limepanda hadi mdomoni, na uchachu ukampiga Rajabu puani.

"Hii nini?"

"Ya mkate," Keji akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Mtu wa mahali pengine angeona chungu cha unga. Mtu wa Koboko, akiona chungu, jani la mgomba, povu na uchachu, tena nyuma ya ukuta wa mpika kwete, ataona kitu kimoja tu. Rajabu alikuwa amefunga. Alimwambia Keji kwaheri kwa upole, akaenda. Hakupiga kelele, wala hakuwa na chuki. Alifanya jambo baya zaidi: aliwaonya watu aliowapenda, mmoja mmoja, kwa siri.

Jioni ile mikate ilirudi. Ya kesho yake pia. Mama Aliyo alinirudishia kapu akasema, "Poni, mimi sijui. Watu naangalia mukate, naangalia mimi, nakunywa chai kavu." Nilidhani ni unga mbaya. Nikabadilisha unga. Nilidhani ni tanuru. Nikalifagia mpaka Lado akaniuliza kama natafuta sindano. Tulikula mkate asubuhi, mchana na jioni, na Wani akasema akienda Midia kwa tumbaku angalau ataona muhogo. Alisema kwa mzaha. Keji hakucheka. Alikuwa ameanza kukunja nguo zake na kuziweka pamoja.

Aliyekuja kuniambia alikuwa Hajati Zaituni. Huyu alikuwa Mnubi, mjane wa askari kama mama yetu alivyokuwa, na alisuka vile vifuniko vya rangi vya kufunikia chakula, akiviuza sokoni. Kwa hiyo alijua maana ya kukaa na kitu ulichokitengeneza bila mnunuzi. Alisimama mlangoni na mwavuli wake uliochoka.

"We Poni."

"Labeka, Hajati."

"Watu nasema mukate yako iko na kwete ndani."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia. Nikakaa juu ya gunia.

"Nani anasema?"

"Usiuliza nani. Uliza kama ni kweli. Mimi ndiyo nauliza. Mimi nakula mukate yako tangu umefika, na hata siku moja sijaanguka kwa mufereji. Lakini hii ni mwezi ya Mungu. Iko nini ndani?"

Nikamwonyesha chungu. Nikamweleza unga, maji, na kipande cha jana. Akainama, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Eh! Binti yangu. Hata mimi ningesema."

"Ni unga na maji tu, Hajati. Naapa."

"Usiapa. Mutu nakuapia, mwingine nakuapia vingine, sasa tunaamini nani?" Akafikiri, akipigapiga mwavuli kwenye mguu. "Ya kwanza kabisa, hii kitu ilianza namna gani?"

"Sijui. Nilipewa."

"Hapo ndiyo matata iko. Hiyo yako imetoka mbali, hakuna mutu aliona imezaliwa. Basi tuzae ingine. Kwa nyumba yangu. Bakuli yangu, unga yangu, maji ya kisima, mukono yangu. Kwa nyumba yangu kwete haijaingia tangu imejengwa. Kama inatoka povu kule, kila mutu ataona povu ni ya unga. Kama haitoki..."

Hakuna aliyekuwa amenifundisha kuzaa chachu. Papa Matayo mwenyewe hakujua. Nilijua kuilisha tu, kama mlezi asiyewahi kuzaa. Lakini sikuwa na njia nyingine, na Idi ilikuwa inakuja.

Hajati akachanganya unga na maji mbele ya majirani, akafunika kwa kifuniko chake alichosuka, akaliweka bakuli sebuleni ambapo kila anayeingia ataliona. Habari ikaenda haraka kuliko ile ya kwanza. Wanawake walipita wakitoka kusali tarawehe, wakainua kifuniko, wakasema, "Bado," wakaendelea. Walipita wakitoka sokoni. "Bado." Mvua ilinyesha, baridi ikaingia, na ule unga ukalala pale kama uji uliosahauliwa. Mama mmoja alisema mbele yangu, "Hii imekufa, hata haijazaliwa." Rajabu naye alikuja, akatazama, akaondoka na uso wa mtu aliyepata alichotarajia bila kukifurahia.

Nilitaka kulihamishia bakuli karibu na tanuru langu lenye joto. Hajati akanikatalia kabisa. "Ikienda kwako hata hatua moja, watasema Poni ameweka kitu. Inakaa hapa. Nitawasha jiko yangu." Alikuwa anawasha mkaa wake mwenyewe kwa ajili ya bakuli la unga, na vifuniko vyake havikuwa vikinunuliwa mwezi ule zaidi ya mikate yangu. Kila siku alimwaga nusu, akaongeza unga na maji, kama nilivyomwelekeza kutoka mlangoni, mikono yangu nyuma ili kila mtu aione.

Kisha alasiri moja Keji alikuja mbio hadi kwenye tanuru, amekanyaga matope mpaka magotini. "Dada, Hajati anakuita. Hasemi kwa nini. Anacheka."

Sebule ilikuwa imejaa. Bakuli lilikuwa limeumuka hadi likainua kifuniko upande mmoja, na povu lilikuwa linapasuka taratibu. Hajati alikuwa amemtuma mtu amwite Rajabu kutoka kwenye bucha, na alikuja na kisu kikiwa bado mkononi.

"Rajabu, mwanangu, weka kisu chini, njoo nusa."

Akanusa. "Ndiyo hii," akasema polepole. "Harufu ni hii hii."

"Sasa niambie, nani amepika kwete kwa nyumba yangu?"

Vicheko vikapasuka, mmoja akapiga kigelegele, na Rajabu akajifunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa alikuwa anacheka pia, kicheko cha mtu aliyepigwa lakini hakuumia. "Hajati, mimi naharibu, mimi natengeneza," akasema. Akachukua kisu chake akatoka.

Kile alichokiharibu kwa kunong'ona alikitengeneza kwa sauti. Alisimama kwenye bucha yake na kila aliyenunua nyama alisikia kwamba yeye Rajabu, kwa pua yake, alikosea, na kwamba mkate wa Poni ni unga na maji. Waliokwisha nunua nyama aliwaelekeza kwangu kwa kisu, jambo ambalo lilisaidia sana. Nilioka kwa chachu ya Hajati, wala si ile ya zamani, ili pasiwe na neno. Jioni ya kesho yake foleni ilifika kisimani. Watu hawakuomba radhi, na mimi sikuhitaji. Walileta makapu. Kwa mwoka mikate kapu tupu ni radhi ya kutosha.

Katika foleni hiyo ndipo alipotokea Baba mdogo Abdalla na baiskeli yake, siku chache kabla ya Idi. Alikuja mapema kwa sababu uvumi ulikuwa umefika hadi Midia, ila kilichofika ni ule wa mwanzo. Alikuwa amejiandaa, nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga mto wa kukalia, wa kumbeba Keji hadi kwenye gari la Arua. Aliona watu, akashuka, akasukuma baiskeli akipita kando yao bila kuelewa.

"Hii nini? Kuna matanga?"

"Ni mukate, mzee," mmoja akamwambia. "Simama nyuma, panga laini kama sisi."

Akaja mlangoni, akanitazama, akamtazama Keji aliyekuwa anapanga mikate juu ya meza. Keji hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi nasikia mambo kwa njia, Poni."

"Mimi pia nilisikia, Baba. Karibu ukae."

Akakaa kwenye benchi. Muda wote ambao foleni ilichukua kuisha nilimwona akitazama kila mkono uliopokea mkate: wa Hajati, wa shehe wa mtaa, wa madereva wa Mama Aliyo. Adhana ya magharibi ilipoita, Keji alichukua mkate mmoja uliokuwa bado moto, akauweka juu ya kifuniko kilichogeuzwa, pamoja na kikombe cha maji na tende, akampelekea. Alisimama mbele yake hakuondoka.

Baba mdogo alikula tende, akanywa maji. Kisha akashika mkate, akaumega, akanusa ndani yake kwa muda ambao ulikuwa mrefu kwangu. Akala. Akamega tena, akala. Wani na Lado walikuwa wametoka nyuma, wamesimama na unga mikononi.

Akajifuta midomo. "Ile mto nyuma ya baiskeli," akamwambia Wani, "toa."

Wani akautoa. Baba mdogo akamgeukia Keji. "Sasa weka mukate pale. Ya watu ya Midia. Funga vizuri, njia iko na mashimo."

Keji aliifunga mwenyewe kwa kitambaa cha gunia la unga, fundo juu ya fundo, mpaka mzee akasema inatosha, yeye si mwizi wa kufungwa kamba. Akapanda, akaondoka polepole akikwepa madimbwi, na usiku ule tulilala wote wanne chini ya nyasi zake.